Ndoo Nyekundu na Waya wa Shaba

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile jino lililokuwa likikunyima usingizi limeshang'olewa. Sisi huku hatujambo kabisa. Ugonjwa nilio nao tangu niolewe ni mmoja tu, wa kucheka peke yangu jikoni. Umeniuliza kama ile ndoo nyekundu uliyotutunza siku ya harusi inanifaa. Nitakujibu, dada, ila niache nianzie mbali kidogo.

Shemeji yako bado anafundisha karakana ya chuo cha ufundi. Akirudi jioni ananukia mafuta ya mashine, na kwangu hayo ni marashi. Nampigia pasi kila kitu, hata soksi na vitambaa vya kufutia vyombo vyake, mpaka ameniambia kwamba akisinzia kochini analala jicho moja wazi, asije akapigwa pasi na yeye.

Lakini wiki iliyopita hatukuwa na raha. Alikuwa bado kwenye majaribio ya kazi, na mkuu wa chuo angekuja na mkaguzi kumwangalia akifundisha. Akishindwa, angerudi kule kiwandani kwake kwa zamani, na mimi ningekuwa namwona mwisho wa mwezi tu. Mimi, dada, ambaye akikawia dukani namfuata.

Somo lenyewe alinieleza tukiwa mezani. Unaning'iniza waya laini wa shaba, chini yake unafunga ndoo, wanafunzi wanamimina mchanga kidogo kidogo. Waya haukatiki ghafla. Kwanza unarefuka, kisha mahali pamoja unakonda kama shingo, ndipo unakatika hapo kwenye shingo. Alisema metali za namna hiyo zinaaga kabla ya kuondoka, na mwenye macho anapata nafasi ya kusogeza gunia la maranda chini ya ndoo. Akaomba ndoo yangu, kwa kuwa nyekundu inaonekana mpaka benchi la nyuma.

Asubuhi ya somo alipokuwa akioga, nikaziona zile nyaya mezani, zimejikunja kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Nikasema mume wangu hatatia aibu mbele ya wageni. Nikachukua nyundo, nikazigonga kwenye kizingiti moja baada ya nyingine mpaka zikanyooka na kumetameta, nikazifunga katika kitambaa kilichopigwa pasi. Alipokiona alinibusu paji la uso na kutia furushi mkobani bila kulifungua.

Nilibeba ndoo mwenyewe, nikaruhusiwa kukaa nyuma. Mchanga ukamiminwa, waya ukatulia. Ukaongezwa, waya kimya, haurefuki hata unywele. Shemeji yako akaanza kutokwa jasho. Gunia lilikuwa bado pembeni, likisubiri shingo itokee. Mara waya ukakatika pa, ndoo ikatua kwenye mguu wa meza ya chuma, mchanga ukajaa viatu vya mkaguzi. Msichana mmoja wa mbele akasema waya wa mwalimu umekufa hata haujaugua, na darasa zima likaangua kicheko. Mkaguzi hakucheka. Aliuliza kama mwalimu huwa anayajaribu anayoyafundisha.

Shemeji yako aliokota kipande, akakiona kimebapa, chenye alama za nyundo. Akaniangalia mara moja tu, kisha akamjibu mkaguzi kwamba maandalizi ni yake na kosa ni lake. Dada, moyo wangu ulijaa mpaka miguu ikasimama yenyewe. Nikasema mbele ya wote kwamba ni mimi niliyezigonga, nikitaka zipendeze.

Halafu uso wa shemeji yako ukafunguka kama aliyepewa zawadi. Akawauliza wanafunzi nyundo imeufanya nini waya. Yule msichana akasema umekuwa mgumu, mvumilivu zaidi, lakini umesahau kuaga. Shemeji yako akachukua waya mwingine niliougonga, akaupitisha motoni mpaka ukawa mwekundu, akauacha upoe, akafunga chini yake mfuko wa turubai badala ya ndoo. Huo ulirefuka taratibu, ukakonda shingo, na wanafunzi wakapiga kelele za kudai gunia kabla haujakatika. Mkaguzi mwenyewe ndiye aliyelisogeza.

Jana barua ilikuja: ameajiriwa moja kwa moja. Hatuhami, dada. Chuoni sasa wananiita Mama Nyundo, na mkuu ameniambia masomo ya jioni yana nafasi. Nimejiandikisha. Naomba wewe umwambie mama, maana wewe anakusikiliza.

Sasa ndoo. Imepasuka, dada, kuanzia mdomoni hadi kitakoni. Shemeji yako ameitoboa pembeni mwa ufa na kuishona kwa masalio ya ule waya uliopita motoni, mshono mzuri kuliko wangu. Maji haishiki tena, lakini mchanga inashika wote, na chuoni hawataki nyingine.

Wabusu watoto, msalimie shemeji, na wangu anakusalimu huku akisoma juu ya bega langu.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Nyundo