Mkubwa kwa Mdogo

Baba yangu Mwalimu,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na mama. Sikuulizi kama una afya, maana najua ilivyo. Nauliza yale madogo: mkono wa kulia umeanza kushika kikombe? Kaka Nyakundi aliniambia sasa unasoma Biblia kwa sauti, neno moja moja. Nilimshukuru Mungu, kwa sababu barua hii nataka uisome wewe mwenyewe mbele ya watu wote wa boma letu. Nimempa mwenzangu wa Nyaramba ambaye mkataba wake umekwisha, akuletee. Nikipiga simu, Nyakundi anasema namtetea mama tu, anakata. Kwetu simu hubishaniwa, karatasi husikilizwa. Na usishike kalamu nyekundu, baba. Mara hii soma tu.

Mimi ni mzima wa mwili. Kazi ni ile ile ya huku Uarabuni: kufua, kufagia, kupika, kulea mtoto wa mwenye nyumba, ambaye ni rika la binti yangu Moraa niliyemwachia mama. Pasipoti anakaa nayo tajiri, kwa hivyo hata nikilia namna gani siwezi kuja kabla ya mwaka kwisha.

Sasa nieleze lililonifanya niandike. Unakumbuka ulipoanguka kwenye kituo cha kuuzia majani chai, mdomo ukaenda upande. Hukuweza kusema wiki nyingi, kwa hivyo haya hukuyasikia au hukuweza kuyajibu. Daktari alisema upunguziwe mafuta na chumvi. Mimi nikapiga simu, mama akaweka spika, nami nikatoa amri kama mkaguzi wa shule. Nilisema, "Kuanzia leo mafuta yasionekane katika nyumba hiyo, mkubwa kwa mdogo."

Maneno hayo, mkubwa kwa mdogo, ulinifundisha wewe katika darasa la sita. Nilikuwa najivunia Kiswahili changu. Ningesema kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, mama angeniuliza maswali kumi, angenibishia, angecheka. Lakini kwa mama Kiswahili ni lugha ya chifu na ya hospitali, hakibishiwi. Akajibu, "Nimesikia." Basi.

Na kweli alisikia. Kopo la mafuta ya kupikia akampa jirani. Maziwa akayaengua malai yote. Mboga ya chinsaga iliyokuwa ikilazwa na maziwa ikachemshwa kwa maji matupu. Njugu alizokuwa akisaga kwenye uji wa Moraa zikaishia kwa kuku, kwa sababu mama anajua njugu ina mafuta, amewahi kuiona ikitoa. Parachichi zikaanguka zikaozea chini ya mti, mbwa akanenepa. Moraa, aliyekuwa ameacha ziwa langu miezi michache tu, akabaki na uji mwepesi wa wimbi. Tumbo linajaa, mtoto anasinzia, mama anadhani ameshiba.

Alipoanza kukonda na nywele kubadilika rangi, majirani walisema ni jicho baya, maana mtoto ni mweupe. Akapelekwa kwa yule mama wa Ekerenyo anayekanda watoto. Akamkanda kwa samli siku tatu, kutoka utosini hadi nyayoni. Baba, fikiria hapo. Samli ilikuwa juu ya ngozi ya mtoto wangu, aking'aa, na ndani hakuna hata tone. Kisha akaendesha wiki moja, na kliniki utepe wa kupima mkono ukasoma nyekundu, yaani utapiamlo mkali, akalazwa.

Mimi huku nilikuwa napika sahani mbili kila siku. Mama mwenye nyumba anajikondesha, chake nakichemsha bila mafuta. Cha mtoto wake natia siagi kijiko kizima. Siku moja nikasahau, nikawapa sawa. Alinigombeza: "Ninayepunguza ni mimi, si yeye! Mtoto atajenga ubongo kwa kitu gani?" Nilikasirika nikidhani ni maringo ya matajiri. Nilikuwa nayo majibu mkononi, nayaosha kwenye sinki.

Nyakundi aliponiambia mama amemnyima Moraa chakula, niliomba niongee na nesi wa wodi. Akaniuliza mtoto alikuwa anakula nini. Nikamtajia. Akasema, "Mama Moraa, nani aliwaambia mtoto wa mwaka mmoja anawekwa dayeti ya mzee?" Akaniambia hata mzee mwenyewe hakukatazwa parachichi wala njugu, ni yale mafuta meupe ya kuganda na ya kukaangia mara tatu. Na ile dawa ya pakiti anayolamba Moraa sasa, nikauliza ina nini? Njugu, maziwa, sukari na mafuta. Vitu vya jikoni kwa mama.

Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Yangu ilifika, ikampiga mtoto.

Nesi anasema Moraa ataishi, lakini kama atapata tena yote aliyopoteza, hilo hakuniahidi. Na nimesikia mlikaa kikao, mkampokonya mama kikombe na kijiko cha mtoto. Akitoka wodini atalelewa na mke wa Nyakundi, mama asimguse, na kanisani wanamtazama kama mchawi. Nilimuuliza Nyakundi, mama alijitetea vipi? Akasema hakufungua mdomo. Baba, hakunitaja. Angesema tu "ni Kerubo aliniagiza" wangemwacha. Alinyamaza nisipate aibu. Nimelia kwa hilo kuliko kwa yote.

Mama hakumnyima mtoto. Alitii. Mwenye kosa ni mimi, na wasikie jina langu.

Nisalimie Nyakundi na mkewe, sina kinyongo nao, walimpenda mtoto. Msalimie yule mama mkandaji, mwambie hana hatia. Shangazi wa Ogembo mwambie dua zake nazihitaji. Mama usimpe salamu tu, mshike mkono kwa ule wako unaorudi.

Soma polepole, ulimi ukikwama wakusubiri. Ila ukimaliza, usiikunje karatasi hii kabla kijiko hakijarudi mkononi mwa mama.

Mimi niliyesema,
binti yako Kerubo.