Mikono Iliyompiga Baluku

Jumatatu, 7 Julai
Mazoezi alfajiri, kama kawaida. Kamba, gunia, raundi nne ulingoni. Nilipigwa moja ya sikio, nikashika kamba ya ulingo. Afande kocha akapiga kelele: "Kaza! Huyo ni mbu tu!" Jeshi aliliacha zamani, sauti ya jeshi anayo bado. Nikakaza. Pambano la Kampala ni mwezi ujao. Saa tatu nilishakuwa kwenye usukani wa lori, napeleka saruji Bwera. Kichwa kinauma mpaka sasa.

Jumatano, 9 Julai
Leo nilipotea. Naandika kabla sijajidanganya.
Kikorongo, pale njia panda. Miaka kumi na moja napita pale. Nikasimamisha lori. Sikujua Bwera iko upande gani. Barabara mbili, zote ngeni. Nyuma honi tupu. Nikamwuliza mwanamke anayeuza mananasi. Alicheka, akadhani namtania, akanionyesha njia kwa kisu.
Sijamwambia mke wangu.

Ijumaa, 11 Julai
Nimemfokea mke wangu Zaina kwa sababu ya chumvi. Nikarusha sahani ukutani. Watoto wakakimbilia nje.
Msikitini wenzangu walisujudu, mimi nikabaki nimesimama. Sikujua tumefika wapi.
Najichukia.

Jumamosi, 12 Julai
Mwanga wa dirishani unanichoma. Nimelala mchana kutwa. Nilimwota Baluku, mwenzangu wa mazoezi. Tangu aache ngumi, miaka miwili, sijaenda kumwona. Watu wanasema amerogwa.

Jumatatu, 14 Julai
Nilishusha saruji Bwera, nikaenda kwa kina Baluku. Mama yake alinipokea mlangoni. "Iko ndani. Lakini baba, tafadhali, usiinue mukono." Sikuelewa.
Baluku alikuwa amekaa mkekani, anatazama ukuta. Tuko rika moja. Anaonekana mzee. Nikasahau nilichoambiwa, nikainua mkono kumsalimu.
Akainama kushoto upesi, ngumi zikapanda kufunika uso. Ule mwinamo nilimfundisha mimi. Akaita akiwa nyuma ya ngumi zake:
"Mama, imebaki raundi ngapi?"
"Imeisha, mutoto wangu. Ilishaisha."
Nje mama akaniambia hakuna uchawi. Daktari alisema ni ngumi nyingi za kichwa. Siku zingine Baluku anasema anataka kufa tu, na siku hizo mama hatoki nyumbani.
Miaka sita tulifanya mazoezi pamoja, kila juma. Hakuna mtu aliyempiga zaidi kuliko mimi.

Jumanne, 15 Julai
Mimi na Baluku tulikuwa tunacheka. Tukimaliza tunakwenda kunywa chai. Nilikuwa nikimwua polepole, kwa urafiki. Na yeye alinipiga hivyo hivyo.
Naogopa.

Alhamisi, 17 Julai
Nilimweleza Zaina yote. Hakulia. Aliniuliza neno moja: "Na lori?"
Sikuwa nimelifikiria. Watu wanaovuka barabara. Wanafunzi.
Tukaenda hospitali. Daktari alinipa maneno matano niyakumbuke, akazungumza mambo mengine, kisha akayadai. Nilikumbuka mawili. Kasema ngumi basi, na usukani niuache mpaka aniruhusu. Nikamwuliza kama nitapona. Alisema vichwa havifanani, tuonane tena baada ya mwezi.
Nimemrudishia tajiri wa lori funguo. Zaina alisimama kando yangu.

Ijumaa, 18 Julai
Nimemwambia Afande siendi Kampala. Alinifokea mbele ya wote. Mwoga. Mwanamke. Nikamwambia aende Bwera akamwone Baluku.
Akatazama saa yake.
"Nilimwona," alisema. "Mwaka jana."
Kisha akawageukia wale waliokuwa ulingoni. "Raundi ya pili! Anza!"
Nilisimama mlangoni nikisikia ngumi. Mwaka mzima alijua. Mwaka mzima alikuwa akiniambia nikaze.

Jumanne, 22 Julai
Hasira. Halafu kilio, bila sababu. Halafu usingizi.

Jumapili, 27 Julai
Mvua imenyesha asubuhi, milima imefichika. Kichwa kimetulia kidogo.
Tulikwenda sokoni kununua mihogo na samaki wa Kasenyi. Zaina alinishika mkono njia nzima, mbele za watu, jambo ambalo hajawahi kufanya tangu tuoane. Sikumwuliza kama ni mapenzi au anaogopa nitapotea.
Sikuuachia mkono wake.