Baba Awuor, Ulianza na Meza Yangu

Mpendwa Baba Awuor,

Watu bado wananiuliza mume wangu alikuwa akifanya kazi gani. Nikisema ofisi ya usafiri wa anga, wanadhani ulikuwa rubani, nami huwaacha wafurahie kidogo kabla sijawasahihisha. Najua ungecheka. Rubani gani huyo anayetoka Riruta Satellite asubuhi akiwa amevifunga viatu kwa mifuko ya plastiki kwa sababu ya matope?

Hata mimi nilichelewa kuielewa kazi yako. Nilikujua ukiwa fundi wa redio za kuongozea ndege, halafu ukachukuliwa na ile ofisi ya kanda inayohudumia nchi nyingi za upande wetu huu wa Afrika. Nikadhani sasa umekuwa mkubwa. Nikakuuliza, "Na nchi ikikataa kufuata hizo sheria zenu za ndege, mnaifanyia nini?"

"Hatuna askari, Mama Awuor," ukanijibu. "Tunaenda, tunauliza, ni nini inawazuia? Halafu tunasaidia."

Nilikutazama nikaona nimeolewa na mtu wa kubembeleza.

Nilianza kuelewa siku tuliyomtembelea dada yangu, Awuor akiwa bado mchanga. Ulimnyooshea dada mtoto lakini hukumwachia. "Umeshika?" ukamuuliza. "Nimeshika, shemeji." Hapo ndipo ulipoachia. Ukanigeukia ukasema ndivyo ndege inavyotoka nchi moja kuingia nyingine: waongozaji wa huku hawamwachii rubani mpaka wenzao wa kule waseme wamempata. Na nchi mbili zikiwa hazisikilizani, ofisi yenu ndiyo inayozikalisha chini zikubaliane, inawafundisha watu wao, kisha inarudi kuangalia kama yanafanyika. Ukasema kurudi ndiyo kazi yenyewe.

Halafu kukaja mambo ya mwewe. Unakumbuka jinsi tulivyokuwa tukikaanga samaki pale Mashimoni, Kibera, meza yangu ikiwa ya kwanza ukitoka kwa kioski cha maji. Meza hiyo ndiyo iliyomlisha mama yangu na watoto wa marehemu kaka. Vichwa tuliuza, lakini matumbo na magamba tulimwaga pale penye uwazi nyuma ya nyumba, na mwewe wakajua saa zetu kuliko wateja. Ng'ambo ya barabara kuna ule uwanja mdogo wa ndege. Siku moja rubani wa kindege kidogo alipokuwa akishuka, mwewe alimpasulia kioo cha mbele, akatua usoni kumejaa damu. Haukupita muda, mtu wa uwanja akaja kutuambia meza zote za samaki zitabomolewa.

Kina mama walilia. Mimi nikawaambia watulie, mume wangu anafanya kazi na watu wa ndege, atatutetea. Nilisema kwa kifua kabisa.

Ulikuja Jumamosi. Kwanza ukawaambia hujatumwa na mtu. "Ofisi yetu inaongea na serikali, haiongei na watu wa samaki. Nimekuja kama bwana ya Mama Awuor." Wakapiga makofi. Kisha ukasema, "Huyo jamaa wa uwanja hajakosea. Hizi mwewe zitaua mtu." Makofi yakaisha. Halafu ukaweka mkono juu ya meza yangu, katika meza zote zile, ukasema, "Tuanze na hii. Mama Awuor, matumbo ya samaki unamwaga wapi?"

"Si unajua."

"Najua. Waambie."

Wanasema akipenda, chongo huita kengeza. Wewe ulinipenda na chongo ukaiita chongo, tena mbele ya Mashimoni nzima. Jioni hiyo nilikupakulia ugali na sukuma wiki, samaki nikiwa nimemfunika palepale ukimwona. Ulikula ukamaliza, ukasema asante, nami hasira zikazidi.

Lakini Jumamosi iliyofuata ulirudi, na lile swali lako. Ni nini inawazuia? Mama Otieno, muuza samaki mwenzangu ambaye hakuwahi kukosa neno, akasema, "Baba Awuor, unataka tumeze? Hakuna pahali pa kutupa." Ulicheka mpaka ukaketi juu ya ndoo. Ukasema, "Basi hiyo ndiyo shida. Wacha tuitafutie dawa."

Dawa ilikuwa landlord wetu, Mzee Njoroge, aliyekuwa akifuga nguruwe kwenye shamba lake la Kawangware. Ulimleta Mashimoni, mzee na kofia yake, akiziba pua. Alipochungulia ndani ya ndoo akasahau kuziba.

"Hii mnamwaga?" akauliza. "Na nguruwe zangu zinalala njaa huko? Aki nyinyi watu wa Kibera mko na pesa."

Ikawa hivyo. Mapipa yenye vifuniko, mkokoteni wa Mzee kila jioni. Mtu wa uwanja ulimleta akaona kwa macho yake, akakubali kungoja aone. Wewe hukuacha kuja. Kuna Jumamosi ulikuta tumemwaga tena palepale pa zamani, nami nikajiandaa kusikia hotuba. Hukutoa hotuba. Uliuliza kitu gani kimetuzuia, tukakuambia gurudumu la mkokoteni limevunjika, ukavua koti ukalitengeneza ukiwa umepiga magoti kwenye tope. Nilikutazama pale chini nikakupenda upya, bwana wee, na usiku huo ulikula samaki mzima.

Mwewe walihama kidogo kidogo. Meza zikabaki, na mpaka leo zipo. Mama Otieno huwaambia wasichana wapya wafunike pipa, na mmoja akimuuliza kwa nini, yeye huonyesha juu kwa kidole, basi.

Siku hizi ndege ikipita juu ya soko la Toi nikichagua nguo za Awuor, najikuta nimesimama kuisikiliza mpaka ipotee. Nafikiria watu waliomo ndani, wamelala, wengine wanalalamikia chai, na hakuna hata mmoja anayejua kuna mtu aliyekwenda nchi fulani kuuliza swali lilelile mara ya tatu. Ninakuonea fahari, Baba Awuor. Ningekuambia ukiwa hai, lakini nilikuwa nikidhani siku zipo.

Kuna jambo hukuliona, ngoja nikusimulie. Malaria ilipokuchukua huko ugenini, mlikokwenda kufundisha waongozaji wa ndege, ofisi iliniambia utaletwa na ndege ya mchana. Mimi nilikwenda nikasimama pale watu wanapowangoja wageni wao. Sikujua kwamba maiti hupokelewa upande wa mizigo.

Kwa hiyo niliwaona uliosafiri nao. Mlango ulifunguka wakaanza kutoka. Mzee mmoja na fimbo. Msichana aliyevaa sweta la shule, mama yake akamrukia. Mwanamume akamtupa mtoto juu na kumdaka. Mwenzako wa ofisini akanikuta hapo, akanishika mkono. "Mama Awuor, si hapa. Twende upande ule mwingine."

Nikamwambia angoje kidogo. Akaniuliza nangoja nani, kwa kuwa wewe hungepitia mlango huo. Nilikuwa nikilia, lakini sikubanduka, kwa sababu bado walikuwa wakitoka, nami nilitaka kuona mpaka wa mwisho.

Walifika wote, Baba Awuor. Pumzika.

Ni mimi wako,
Mama Awuor