Alama ya Chaki Kidevuni

Kaka Limbu,

Mwangaluka. Najua ni saa tisa mchana na salamu hiyo ni ya asubuhi, lakini wewe ndiye uliyekuwa ukiitoa saa yoyote, hata jua likizama, na mtu akikurekebisha unamwambia kwako ndiyo kwanza kunakucha. Nimeanza na salamu kwa sababu adabu ni adabu. Ila sikuandikii kukusalimia. Nakuandikia kwa sababu nakushuku, na sipendi kumsema marehemu bila yeye mwenyewe kusikia.

Kwanza nikupe habari. Tangu tukuzike kule Sapiwi, banda lako la pool limebaki mikononi mwangu. Hukuacha mke, na Mayu alisema yeye kama mama ameamua mdogo wako mwenye cherehani kwenye baraza lilelile ndiye wa kuliangalia. Meza ipo. Kile kiraka nilichokishona kwa kitambaa cha sketi ya shule bado kipo, vijana wanakiita "kwa Kabula", na mpira ukiruka hapo wananilaumu mimi badala ya mikono yao. Fimbo yako hakuna anayeishika ila mimi. Msimu wa pamba umeanza, malori yanapita kutwa, nyuzi nyeupe zinaingia mpaka mezani na kila asubuhi nafuta kabla sijafungua cherehani.

Wenzako wa bandani bado wanakwenda Lagangabilili kucheza na wale wa kule. Nafasi yako wamenipa mimi. Wapo walionuna, eti mwanamke, lakini walikuwepo siku nilipokushinda mbele ya watu, kwa hiyo wakanuna kimya kimya. Jumamosi hii ndiyo safari yangu ya kwanza. Na mpira hauingii, kaka. Nausogelea, nainama, napiga, unagonga kona ya tundu unarudi kunicheka.

Sasa sikiliza kilichonifikisha hapa. Kuna mtu anaitwa Sayi, amerudi kutoka Mwanza, anatengeneza simu pale njia panda na anavaa miwani ya jua hata akiwa ndani. Simwamini hata kidogo. Alisimama akiniangalia nacheza, mikono mfukoni, kisha akaniuliza nani alinifundisha kuweka kichwa pembeni. Akasema fimbo hupita katikati ya kidevu, dunia nzima inajua hivyo, na aliyenifundisha vinginevyo hakutaka nijue. Nilimwambia aende akatengeneze simu zake. Akaenda, lakini maneno yake yalibaki.

Unakumbuka ile chaki? Bila shaka unakumbuka, maana ilikuwa kazi yako. Ulichukua kile kijiwe cha buluu cha kupaka ncha ya fimbo, ukanipaka alama kidevuni, upande wa kushoto, ukasema, "Fimbo ipite hapa. Sio katikati, hapa." Watu wakacheka mpaka mmoja akamwaga soda. Kila mazoezi ulinipaka, mpaka kidevu kikazoea chenyewe. Mengine uliyonifundisha sina shaka nayo. Lenga ukiwa umesimama, ukiinama uwe umeshamaliza kulenga. Kiwiko kining'inie, kisitanuke. Ukishapiga usiinuke, ulikuwa unaniwekea kizibo cha soda kichwani, kikianguka narudia upya. Hayo hata Sayi anayasema. Chaki peke yake ndiyo anayoipinga.

Basi nikaanza kuhesabu mambo, na unanijua nikianza. Chaki ilikuja lini? Ilikuja mara tu baada ya siku ile nilipokushinda. Kabla ya hapo uliniacha nicheze nitakavyo. Siku ile ulicheka, ukanipa mkono, ukatangaza kwa kila aliyepita barabarani kwamba mdogo wako amekupiga. Lakini ulirudi nyumbani mapema kuliko kawaida, na kesho yake ukaja na chaki.

Halafu kuna hili lingine. Kila anayefundisha mchezo huu anasema jicho. Sayi kila neno jicho: jicho kwenye mpira, jicho kwenye tundu. Wewe ulitaja kidevu, kiwiko, pumzi, vidole vya miguu. Jicho hukulitaja hata siku moja. Nimekaa nimewaza, nimewaza, sikumbuki hata mara moja. Mtu anayefundisha kulenga bila kutaja jicho anaficha nini?

Nilihamishia fimbo katikati ya kidevu kama Sayi alivyosema. Tangu siku hiyo nimefanya hivyo, na mpira unazidi kukataa. Sayi anasema ni mazoea mabaya, yanatoka polepole, aliyeniharibu aliniharibu vizuri. Wanasema lisemwalo lipo. Wanasema pia kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ninazozijua mimi ni zile nilizokushonea wewe. Kwa hiyo nakuuliza, Limbu, na ujibu kwa namna wafu wanavyojibu. Uliona wivu? Uliniharibia mkono ili nisikushinde mara ya pili? Kama ndivyo, sijui nitaifanya nini fimbo yako. Jumamosi nitaisimamisha mbele ya watu wa Lagangabilili kwa jina lako, na moyoni nitakuwa najua ulikuwa mtu mdogo.

Naumia kuandika hivi. Lakini ndivyo ninavyofikiri.

*

Niliishia hapo jana. Leo naendelea.

Asubuhi Mayu alikuja kuleta sketi ya jirani ibanwe kiuno. Alinikuta nazozana na mpira mwekundu, kichwa katikati, fimbo katikati, kila kitu katikati isipokuwa mpira. Akauliza nina nini. Sikuwa nimepanga kumwambia, Mungu ananiona. Lakini nilikuwa nimejaa, nikamwaga yote: Sayi, chaki, siku ile niliyokushinda, kwamba mwanaye alinionea wivu akanipotosha kwa makusudi.

Mayu aliweka sketi chini, akaja nyuma yangu, akachukua ncha ya kanga yake akanifunika jicho la kushoto. Akaniuliza kwa Kisukuma mipira iliyoko mezani ni ya rangi gani.

Kaka, sikuweza kumwambia. Niliona meza ya kijani na juu yake vitu, kama unapoangalia nyumba ya jirani kupitia mfuko wa nailoni. Mwekundu na wa njano ilikuwa kitu kimoja. Tundu la kona sikuliona kabisa. Akanifunua, kila kitu kikarudi mahali pake. Akanifunika la kulia, hakikubadilika chochote. Nikakaa kwenye kreti ya soda.

Wateja wangu huwa wananitania kwamba nikitunga uzi kwenye sindano nageuza shingo kama kuku anayeangalia mwewe. Nilidhani ni madaha yangu tu. Miaka yote hii, Limbu.

Ndipo Mayu akasimulia. Nilikuwa mdogo, tunang'oa mabua ya pamba ili yachomwe, bua likanichapa jichoni. Hilo la bua nalikumbuka. Nakumbuka kulia, nakumbuka kupona. Kumbe halikupona. Mayu alijua, Baba alijua, na hawakuniambia kwa ajili ya Bibi.

Sisi tuliambiwa Bibi alihama Mwamapalala akaja kupumzika kwetu. Haikuwa hivyo. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, kama ya mwanamke yeyote aliyepikia samadi maisha yake yote. Ng'ombe wa majirani walipoanza kufa, watu wakaanza kumtazama macho. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, walikuwa na maneno tu, eti macho mekundu ni ya mchawi. Lisemwalo lipo, walisema. Alifika hapa Bariadi juu ya mkokoteni na kitanda chake, na kwao hakurudi tena. Tangu hapo Mayu akaapa kwamba katika nyumba yake jicho la binti halitatajwa, zima wala bovu, ili asije mtu akalishika neno hilo akalikuza.

Na siku ile niliyokushinda, ulirudi nyumbani mapema ukamuuliza Mayu jicho langu la kulia lilipatwa na nini. Ulimwambia umeniangalia mchezo mzima. Kwamba asiyejua kulenga hukosa huku na kule, lakini Kabula akikosa anakosa upande uleule kila mara, na akipata ni kwa bahati. Kwamba mkono wangu ni mzuri, ila najipanga nyuma ya jicho lisiloona. Ulitaka kuniambia kesho yake. Mayu akakuapisha kwa jina la Bibi usiseme, si kwangu wala kwa mtu.

Ukaapa. Halafu ukaenda kuchukua chaki.

Nimekaa na jambo hilo tangu asubuhi. Ulihamisha kichwa changu mpaka fimbo ikapita chini ya jicho zima, bila kutamka neno jicho, mbele ya watu wanaocheka. Walidhani unanifanyia mzaha na ukawaacha wadhani hivyo. Mimi nikakushuku mpaka kaburini kwa kitu kilekile ulichonifichia aibu.

Nilitaka kuzichana kurasa za jana nikuandikie barua safi. Nimeamua zibaki. Wewe ndiye uliyesema mpira uliokosa usiuondoe mezani haraka, uutazame kwanza ulipitia wapi. Jana nilitamka maneno yaleyale yaliyompandisha Bibi kwenye mkokoteni, na niliyatamka kirahisi, kwa sababu fundi simu fulani alisimama bandani kwangu mikono mfukoni. Nimeogopa kaka. Sikujua kwamba huwa inaanza hivyo.

Usidhani nimegeuka malaika. Sayi bado simwamini, na ile miwani yake ipo siku nitajua inaficha nini. Haya, umeona? Nimerudia tena. Itabidi niwekewe kizibo kichwani.

Mayu alipoondoka nilijipaka chaki mwenyewe kwa kioo cha wateja, upande wa kushoto, pale pale pako. Nikasimama nyuma ya mpira nikalenga, nikainama fimbo ikagusa alama. Mwekundu uliingia kona bila kugusa ukingo. Nikaupanga tena, ukaingia tena, hata ule uliopita juu ya kiraka changu. Nilitamani usikie ile sauti ya mpira unapodondoka ndani na kujiviringisha kwenye tumbo la meza. Nililia nikiwa nimeinama, maana ulinikataza kuinuka mapema.

Ulipokuwa hospitalini nilikuletea uji na kukusimulia habari za banda, na neno wabeja sikukuambia, kwa kuwa sikujua cha kukushukuria. Leo nakwambia. Wabeja, kaka. Wabeja sana.

Nakuahidi jambo moja, na Mayu nimeshamweleza. Alisema nivae kanga aliyoiacha Bibi. Jumamosi nitaingia Lagangabilili na alama ya buluu kidevuni, mchana kweupe. Watacheka, waache wacheke. Na atakayeniuliza chaki ile ni ya nini sitamwambia ni mzaha. Nitamwambia jicho langu la kulia halioni, kaka yangu aliligundua akakaa kimya kwa kiapo, na bibi yetu alikuwa na macho mekundu kwa sababu alitupikia.

Pumzika Limbu. Huku kwetu ndiyo kwanza kunakucha.

Mdogo wako,
Kabula