Mahari Yenye Madirisha

Kitale, 12 Juni 2006

Kwa Mzee Mukhisa,

Pokea salamu zangu. Natumaini wewe, Mama na watu wote wa Myanga mko wazima. Mimi ni mzima, ila mvua ya huku inatunyeshea kama iliyotumwa.

Hunijui. Naitwa Kipkirui Rotich, fundi wa redio na televisheni hapa Kitale. Anwani yako nimepewa na binti yako Nekoye, anayefundisha watoto wa nasari hapa mjini. Aliniambia simu huipendi kwa sababu inakula pesa kabla salamu hazijaisha, na kwamba anayetaka kuongea na wewe aanze na habari, si na maneno matamu.

Basi naanza na habari. Runinga nikishaitengeneza lazima niiache ikiwaka mchana kutwa nione kama itazima, kwa hivyo mimi hutazama kila kitu. Wiki jana ilikuwa filamu ya wanyama. Ilionyesha ndovu wa Mlima Elgon wakiingia pangoni, giza totoro, wakikwaruza ukuta kwa pembe na kutafuna mawe. Wanasema wanatafuta chumvi. Mimi nilizaliwa upande wa Cherangany, mlima huo nimeuona maisha yangu yote, na jambo hilo sijawahi kulisikia. Nekoye anasema uliwahi kufanya kazi Cheptais, huko huko mlimani. Ni kweli, au tumedanganywa?

Jambo la pili. Mimi na Nekoye tunapendana na tunataka kuoana. Naomba ruhusa wazee wangu waje kwako kubisha hodi.

Ni mimi mwanao, kama utalikubali neno hilo,
Kipkirui


Myanga, 30 Juni 2006

Kwa Kipkirui,

Salamu zako zimefika. Huku tu wazima, isipokuwa mguu wangu wa kushoto ambao siku hizi una mambo yake. Mama Nekoye anauliza kama unakula vizuri. Nimemwambia mtu anayeshinda akitazama ndovu hana njaa.

Ni kweli kabisa. Nilikuwa karani wa soko Cheptais nikiwa kijana, na pango moja niliingia na taa. Mikwaruzo niliishika kwa mkono huu. Hata ng'ombe walikuwa wanapelekwa huko kulamba ukuta. Lakini wewe mwenye picha nikuulize: ndovu anatembeaje gizani na mwili wote ule bila kuanguka? Hilo sisi hatukuliona, kwa sababu mtu mwenye akili hamfuati ndovu pangoni.

Mpira nao umeniudhi. Ghana walipofungwa na Blazil nilizima redio kabla mtangazaji hajaanza kutufariji.

Hilo jambo la pili nimelisoma. Nimelisoma mara mbili. Nitalijibu.

Baba Nekoye


Kitale, 14 Julai 2006

Kwa Baba Nekoye,

Salamu tena, na pole kwa mguu. Mama mwambie nakula vizuri.

Filamu ile ilirudiwa, na safari hii nilitazama nikiwa na swali lako. Ndovu anapapasa njia kwa mkonga, hatua kwa hatua, kama mtu anayetafuta swichi ukutani. Mtoto anamfuata mama yake akimgusa. Hakuna anayekimbia.

Fainali nilitazama na umati mzima mlangoni pangu. Nahodha wa Ufaransa alipompiga mchezaji wa Italia kichwa cha kifua, watu walianza kubishana kuhusu alichoambiwa. Wengine wanasema alitukaniwa mama, wengine dada. Wewe unadhani ni neno gani linaweza kumfanya mtu mzima atupe Kombe la Dunia?

Nekoye ameshakufikishia ujumbe wa baba yangu mkubwa kuhusu ng'ombe tunaotarajia kuleta. Najua si wengi. Baba alitutoka mapema na zizi letu halijapona tangu hapo. Lakini ni wetu, hatukukopa. Nasubiri neno lako.

Mwanao,
Kipkirui


Myanga, 28 Agosti 2006

Kwa Kipkirui,

Habari za siku nyingi? Sisi tuko. Ni mwaka wa tohara, barabara imejaa vijana na kengele zao, na redio haisikiki mpaka niiweke sikioni.

Hata hivyo hili nimelisikia. Wanasayansi wamekutana Ulaya wakapiga kula, na sayari ya tisa si sayari tena. Imekosa nini? Iko pale pale ilipokuwa, inazunguka vile vile. Mimi nilichapwa darasani kwa kuisahau hiyo ya mwisho. Sasa viboko vyangu nitamdai nani? Naomba uangalie kwa runinga kama walieleza vizuri, maana redio ilipita haraka ikaenda kwa bei ya mahindi.

Huyo wa Ufalansa mimi namwelewa. Neno linaweza kuwa dogo, ila likagonga mahali mtu tayari ana kidonda.

Umeona? Nimeandika mengi ndio nipate moyo wa kufika hapa. Kipkirui, mimi sikatai. Nekoye amechagua, na wewe huandiki kama mjinga. Shida yangu ni mahari. Mahari ni ndogo sana. Wazee wako wakija hivi nitaona aibu mbele ya ndugu zangu na majirani. Kwa hivyo wangojee kwanza iongezwe, halafu mje.

Baba Nekoye


Myanga, 20 Oktoba 2006

Kipkirui mwanangu,

Uko mzima? Nauliza nikitaka jibu, si salamu ya desturi.

Mwezi wa tisa wote nililaumu posta. Halafu Nekoye alikuja Jumapili, amekonda. Nikimuuliza habari zako anasema, "Si umuulize mwenyewe." Kama ni ugonjwa, sema. Kama umebadilisha mawazo, pia sema. Nitaumia, kwa sababu barua zako nimezizoea, lakini afadhali nijue.

Umesikia yule mtu wa Bangladeshi aliyepewa tuzo ya amani kwa sababu ya benki ya akina mama maskini? Mama Nekoye amefurahi kana kwamba amepewa yeye. Nilitaka tulizungumze hilo, nikakumbuka umenyamaza.

Na sisi huku tulidhani mko njiani! Mahari imeongezwa. Fundi alibomoa ukuta wa upande wa zizi, na mahari sasa inafika karibu na mparachichi. Ina madirisha mawili yenye vioo, moja linaangalia mlima. Wazee wako watakaa bila kugusana magoti.

Baba Nekoye


Kitale, 27 Oktoba 2006

Kwa Baba,

Mimi ni mzima wa mwili. Naanza na hilo kwa sababu uliuliza ukitaka jibu.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nilipofika kwenye madirisha nikarudi juu nikasoma upya. Nimefungua mashine nyingi katika kazi yangu, lakini ng'ombe mwenye dirisha la kioo sijamwona. Nikafunga duka, nikaenda kwa Nekoye nasari nikiwa na barua zote mbili. Ile ya Agosti sikuwa nimemwonyesha. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba wazee wangu hawaji.

Aliisoma kwa sauti, tena akikuiga unavyoongea, mpaka na mikono. "Mahali! Si anasema mahali, bana! Mahali pa kukaa! Baba huandika vile anaongea." Alicheka mpaka watoto wakacheka naye bila kujua ni nini. Kisha akaacha kucheka. Akaniuliza, "Kwa hivyo ulikuwa unaniacha hivyo tu? Ati hata kuniuliza hukuweza?" Tangu siku hiyo hajanisemesha.

Baba, nilidhani umedharau ng'ombe wetu. Nilisoma neno moja nikaona zizi letu lote na kaburi la baba yangu. Baba mkubwa alisema hawezi kusafiri kwenda kuchekwa, na mimi nikaona ana haki. Jana nimemweleza. Akauliza dirisha la pili linaangalia wapi.

Nisamehe. Nampenda Nekoye, na kukupoteza wewe pia kuliniuma kuliko nilivyotarajia, ilhali hata sura yako siijui. Kama bado nafasi ipo, nataka kuja. Yeye sijui kama atanikubali.

Mwanao,
Kipkirui


Myanga, 6 Novemba 2006

Mwanangu Kipkirui,

Salamu kwako na kwa baba yako mkubwa. Mwambie dirisha la pili linaangalia barabara, ili aone nani anakuja kabla hajafika.

Barua yako nilimpa jirani yangu Wabwile anisomee, maana sasa sijiamini. Akasoma mahari, nikasikia mahali. Akasoma mahali, nikasikia mahali. Tumekaa pale mpaka chai ikapoa. Anasema ni herufi mbili tofauti kabisa. Mimi nimekuwa karani miaka yote ile na hakuna aliyeniambia. Kwa hivyo barua hii ameipitia yeye, ukiona kosa ni lake.

Nilicheka, kisha nikahuzunika. Nilihuzunika kwamba ulidhani naweza kumpima Nekoye kwa ng'ombe. Halafu nikafikiria kijana asiye na baba akisoma maneno yale peke yake dukani, nikaona hata mimi ningenyamaza. Kuhusu ng'ombe sikuwahi kulalamika. Ulipoandika kwamba hamkukopa nilimwambia mama yake, huyu ni mtu. Mimi ndiye niliyekuwa naona haya, kwamba mtakuja kutoka mbali mkute chumba ambacho mlango ukifunguliwa unagonga meza. Mjengo ulikuwa wa kuwaheshimu ninyi.

Mimi nimesamehe. Kwa Nekoye siwezi kukusemea. Alifika Ijumaa bila kutuambia anakuja, akaomba brashi, na tangu jana anapaka rangi chumba kipya. Nilimuuliza kama bado amekukasirikia. Akasema ndiyo, sana, na bado ataendelea. Akapaka, akapaka. Halafu, bila kugeuka, akaniuliza wazee wako ni wangapi, ili ajue viti vya kuazima kwa Wabwile.

Nijibu haraka, anangoja.

Baba