Kwa Proje, Uliyenikabidhi Kufuli

Mpwa wangu Projestus,

Usicheke mwandiko. Unajua niliishia darasa la tano, tena si kwa ujinga, mwalimu ndiye aliyeishiwa cha kunifundisha. Hapo ungeshanikata: "Mjomba, wiki iliyopita lilikuwa la sita." Siku hizi hakuna anayenihesabia. Nasimulia habari ya yule chui niliyemuua kwa mchi wa kutwangia, watu wanacheka, wanakunywa rubisi yao ya ndizi, wanaondoka. Wewe ndiye uliyekuwa unauliza, "Leo ni chui mmoja au wawili?" Nimekukosa, Proje. Pikipiki ikipanda kilima hiki cha Ihanda naacha jembe nasikiliza. Nangoja ile honi yako ya mara mbili, uje kutoka Murongo na vumbi mpaka kwenye kope.

Nakuandikia kwa sababu nimesema. Ile habari nimeisema, na mama yako alikuwepo.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia huko mwisho sitafika. Ulikuja asubuhi kwa miguu, pikipiki umemwachia mwenzako kwa sababu mikono ilitetemeka mpaka huwezi kukamata breki. Ukasema, "Shikamoo mjomba. Nisipopata pombe kidogo nikiamka, mwili wote unagoma. Nataka kuacha. Nisindikize hospitali." Mimi nikacheka. Hospitali kwa ajili ya pombe! Nikakwambia pombe ni maji, na maji hukaushwa, na Karagwe nzima hii nani anajua kukausha kunishinda mimi? Nikakuahidi siku tatu. Nikawatangazia na majirani: siku tatu za Novati, mtu anatoka mkavu kama buni.

Ukaingia kwenye ghala la kahawa kwa miguu yako. Kufuli ulinipa mwenyewe mkononi. "Nikikuomba unifungulie, usifungue. Nakuamini mjomba."

Siku ya kwanza ulitoka jasho, ukatapika. Nikasema hiyo ndiyo inatoka. Siku ya pili ukaanza kuniita. "Mjomba, nyuki wanatoka kwenye magunia. Mjomba, wananiingia masikioni." Nilikuwa nje ya mlango na sahani yako ya ndizi. Nikakujibu, "Waambie walete na asali." Tena nikajisifu moyoni kwamba mtoto wa dada yangu naye sasa amejua kutunga. Mungu wangu. Mimi, mtu wa uongo wa kila siku, umekuja kuniambia kweli moja, nikaiona hadithi.

Siku ya tatu asubuhi nikasikia unapiga sakafu. Nikadhani ni hasira. Nilipofungua ulikuwa umekakamaa, povu mdomoni. Tulikupakia kwenye pikapu ya kubebea mikungu, kichwa chako mapajani kwangu, nikawa nakusimulia ya chui njia nzima ili uamke unibishie. Hukunibishia.

Pale hospitali muuguzi mmoja, mama mpole, aliniuliza ulikunywa mara ya mwisho lini. Nikamwambia. Akanieleza taratibu. Kwamba mwili uliozoea pombe kila siku, miaka na miaka, ukinyimwa ghafla unaweza kuona visivyokuwepo, ukapata degedege, mtu akafa. Kwamba kule kutetemeka asubuhi ndiyo dalili yenyewe. Kwamba zipo dawa za kumshusha mtu pole pole huku anaangaliwa, na baada ya hapo ndipo kazi inaanza, ya kuzungumza naye miezi mingi. Kwamba ni ugonjwa, si uzembe. Nikaona ni yale yale uliyoniambia siku ile, mwili unagoma, hospitali, nisindikize. Ila yeye alikuwa amevaa nguo nyeupe, basi nikasikia.

Na kahawa, Proje! Si nilikufundisha mwenyewe, hujanifika hata kiunoni, kwamba buni ikianikwa kwa pupa kwenye jua kali inakauka ganda, ndani inabaki mbichi na kuoza? Tunaitandaza, tunaigeuza, jua likizidi tunaifunika. Buni niliionea huruma kuliko wewe.

Nyumbani nikamwambia mama yako umekufa kwa malaria iliyopanda kichwani. Akaniamini. Kule msibani akawa anawaambia watu, "Kaka yangu alishamtoa kwenye pombe, malaria ndiyo ikamwahi." Nilikaa pale nimeshika kofia.

Sasa mwezi uliopita amekuja mke wa Switbert, yule fundi baiskeli, na shemeji zake wawili, na Switbert mwenyewe wamemshika huku na huku. Anakunywa toka kunapambazuka. Wanataka ghala. "Mzee Novati, tufanyie zile siku tatu." Mama yako alikuwa uani kwangu anachambua maharage. Switbert kaketi kwenye benchi, kikombe cha maji kinamwagika mkononi. Ilikuwa mikono yako, Proje. Ile ile.

Nikasema, "Ghala hilo ndilo lililomuua Projestus. Haikuwa malaria. Ni mimi."

Wakacheka! Shemeji mmoja akasema, "Mzee, leo chui umemfungia ghalani?" Nikarudia, siongezi wala sipunguzi: kufuli, nyuki, asali, sakafu. Mama yako akaacha maharage.

"Alikuita?"

"Aliniita, Leokadia."

Akainuka, akakung'uta kitenge, akaenda zake. Sikumfuata.

Switbert tulimpeleka hospitali siku ile ile, tukamweleza muuguzi yote, na saa aliyokunywa mwisho. Akalazwa, akapewa dawa, alitetemeka lakini kulikuwa na mtu wa kumwangalia. Sasa kila wiki anakwenda kliniki, wanakaa, wanazungumza. Aliteleza mara moja kwenye harusi huko Ndama, nikadhani wangemfukuza. Walimuuliza tu ilianzaje, wakaendelea naye. Mimi ndiye ninayemsindikiza, kama ulivyoniomba nikusindikize wewe. Akiingia nakaa nje kwenye benchi, na pale pembeni yangu kuna nafasi ya mtu mmoja. Kila wiki naiangalia.

Mama yako hajanisalimia mpaka leo. Kila asubuhi napita, naacha kichane cha ndizi mlangoni, naondoka. Jana nilipopita tena mchana hakikuwepo. Sijui ni yeye amekichukua au ni mbuzi. Siongezi.

Mlango wa ghala nimeung'oa. Kahawa ya mwaka huu itakaa wazi, mwenye kuiba aibe. Kufuli ninalo mfukoni, linanigonga pajani nikitembea, acha linigonge.

Pumzika, mwanangu. Nakuahidi hivi: atakayekuja kwangu na mikono ile, nitamsindikiza. Na akiniambia ameona nyuki, nitamuuliza wako wapi, nikae naye mpaka tufike kwa wenye dawa.

Na yule chui, Proje, hakuwepo. Hata mmoja. Nadhani ulijua siku zote, ukaniachia.

Mjomba wako,
Novati