Mkono wa Davina

Brechin,
4 Machi 1986

Mdogo wangu Mysie,

Hujambo? Mumeo Clive hajambo? Na Lorna wenu je? Mimi ni mzima, ukiondoa bega. Salamu nimezitoa kwa sababu mama alitulea hivyo, si kwa sababu moyo wangu uko radhi na wewe. Haya, sasa tuseme.

Sufuria iko wapi?

Usijifanye hujui ni sufuria gani. Ile kubwa nzito ya mama, ya kupikia tableti, peremende yake ya sukari na maziwa, iliyokaa juu ya kabati la jikoni tangu wewe hujaota meno. Tulimzika mama Jumanne, wewe na Clive mkaondoka Alhamisi, na Ijumaa nilipopanda kiti kuitazama nikakuta duara la vumbi. Maua ya msiba yalikuwa hayajanyauka. Ungeniomba ningekataa, lakini angalau ungekuwa umeomba.

Na leo asubuhi imenifikia kadi ya harusi ya Lorna. Nzuri, ina rangi ya dhahabu pembeni. Nikaisoma mpaka chini, palipoandikwa kwamba kila mgeni atakuta kwenye sahani yake “faji ya asili ya Kiskoti, kwa mapishi ya bibi yake bibi harusi”. Faji, Mysie. Mama alipika tableti miaka hamsini, kwa harusi, kwa maziko, kwa mauzo ya kanisani, na hakuna siku hata moja aliyopika faji. Faji ni laini, inanata kwenye meno, watalii wanainunua kwenye maboksi yenye picha ya ng'ombe. Tableti inavunjika. Ina chembe, halafu inayeyuka ulimini. Wewe umekulia humo, hata mtu akikuamsha usingizini utakuwa unajua tofauti. Au maji ya Ipswich yamekuosha kichwa?

Rudisha sufuria. Harusi siji.

Dada yako,
Davina


Ipswich,
11 Machi 1986

Dada Davina,

Shikamoo, hata kama huitikii. Hapa hatujambo. Pole na bega.

Sufuria ninayo mimi. Sikuiba. Siku ya maziko nilikufuata pale jikoni, nikakuuliza kwa upole, “Dada, utampikia Lorna tableti ya harusi?” Mama alimwahidi tangu ana miaka sita, na wewe ulikuwepo. Ukanigeuzia mgongo ukaendelea kuosha vikombe. Ulitaka nipige magoti? Nikaona kama umenuna, nitapika mwenyewe, na mtu hapiki tableti kwenye kikaango.

Hilo neno faji ni la Clive. Siku ya kwanza kusikia tableti aliniuliza zinamezwa ngapi kwa siku. Akasema ndugu zake wakisoma hivyo kwenye kadi watadhani tunawapa dawa. Nilikuwa nimechoka, nikamwachia. Nimekosa.

Lakini usinifundishe kuomba. Ulinipigia simu Alhamisi, ukasema mama “hajisikii vizuri”. Nilifika Jumamosi nikakuta ameshafunikwa uso. Daktari wenu mwenyewe aliniambia pale mlangoni kwamba Jumatatu alikwambia mama hamalizi wiki. Siku tatu ulikaa nazo kimya. Sufuria nikiifunga kwenye kifurushi inarudi. Siku zangu tatu utazifunga kwenye nini?

Mdogo wako,
Mysie


Ipswich,
2 Aprili 1986

Dada,

Shikamoo. Barua yangu hukuijibu, na simu unaikata ukisikia sauti yangu. Sawa. Leo sikuandikii ugomvi, nimekwama.

Nimepika mara tatu, na mara zote tatu imetoka laini. Ukiikata kwa kisu inafuata kisu. Lorna aliionja akasema, “Tamu, mama, lakini si ya bibi.” Nilikaribia kuimwaga jalalani pamoja na trei.

Ndani ya sufuria nilikuta kadi ya mama, ya mapishi, imegandana na karatasi ya siagi. Nakunakilia kama ilivyo: “Sukari ratili mbili. Siagi wakia nne. Maziwa mabichi kikombe kimoja cha chai. Maziwa mazito kopo moja. Moto mdogo mpaka sukari isisikike chini ya mwiko. Chemsha ukikoroga mpaka tone likiwekwa kwenye kisahani cha maji baridi liwe kidonge laini. Ipua. Songa mpaka Davina aseme mkono unamuuma, halafu kidogo tena. Mimina.”

Yote nimefuata. Hapo kwenye kusonga natumia mashine ya umeme, sasa sijui niizime lini. Niambie tu ni dakika ngapi. Nipe dakika, dada, halafu uendelee kunikasirikia.

Mdogo wako,
Mysie


Brechin,
9 Aprili 1986

Mysie,

Leo sina salamu.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Unaniuliza ni dakika ngapi. Hakukuwa na dakika. Kulikuwa na mimi.

Nilikuwa na miaka tisa mama aliponisimamisha juu ya kiti kidogo ili niifikie meza. Yeye alichemsha, yeye alidondosha tone kwenye kisahani, yeye aliipua, kisha akaita, “Davina, njoo huku.” Nikasonga. Mwanzo ni nyepesi, unadhani unacheza. Halafu inaanza kukuzidi, mwiko unagoma kuzunguka, na bega linawaka moto. Nikisema, “Mama, mkono unauma,” ananijibu, “Vizuri, kidogo tena.” Maisha yangu yote nilidhani ananitia moyo. Kumbe nilikuwa saa yake ya jikoni. Kumbe aliandika kabisa, pamoja na siagi na sukari.

Na wewe ulikuwa wapi? Chini ya meza, na kijiko mkononi, unaingoja sufuria. Ukoko ulikuwa wako kila mara. “Mpe mtoto,” mama alikuwa akisema, na mimi nakupa, wewe unakwangua unaimba. Mimi sijawahi kuikwangua ile sufuria. Hata siku moja, Mysie. Ulipoota ndevu za sukari mpaka kidevuni mimi nilikuwa naosha trei.

Halafu ukaenda Ipswich kuolewa, na miaka mingi baadaye mama akalala kitandani. Miaka sita nilimnyanyua, nikamwogesha, nikamrudisha. Nilipomwambia bega linakufa alinijibu nini? Unajua alichojibu. Umekiandika mwenyewe kwenye barua yako.

Unataka kujua kwa nini nilikugeuzia mgongo pale jikoni? Kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na nyumba imejaa watu wanakula sandwichi. Mkono huu hauinuki. Nywele nachanwa na jirani, Bi. Geddes. Daktari anasema bega limekwisha. Siwezi kusonga tableti hata ya kujaza kisahani, na ukaja kuniomba ya harusi nzima. Sufuria nilitaka tu niione pale juu ya kabati, basi.

Siku zako tatu. Mama mwenyewe alinikataza kukwambia. Alisema, “Mysie atakuja kulia, na mimi sitaki kelele.” Nikamtii, kama nilivyomtii miaka hamsini na miwili. Nilikosea. Naona hasira hata kukiri, lakini nilikosea.

Mwiko wa mama uko hapa kwangu. Uliuacha kwenye droo kwa sababu hujawahi kuushika. Usiniandikie tena.

Davina


Ipswich,
27 Mei 1986

Dada Davina,

Shikamoo. Uliniambia nisiandike, nimenyamaza wiki saba, na wewe unajua kwangu hiyo ni miaka. Sisi ni wazima. Nimeona hukuweka “dada yako” mwisho wa barua. Niliona kabla sijasoma kitu kingine.

Mashine nimempa jirani. Nilinunua mwiko wa mti, nikachemsha upya, nikaipua, nikaweka saa mbele yangu nikaanza kusonga. Mkono ukauma. Clive akaja anataka kunipokea mwiko, nikamfukuza jikoni na maneno ambayo hajanisamehe. Ulipouma kweli kweli, nikaongeza kidogo tena. Mwiko ukaanza kukwaruza, nikaisikia ile sauti niliyokuwa naisikia nikiwa chini ya meza. Nilikuwa nikiisikia nashangilia, kwa maana ukoko umekaribia.

Dakika kumi na tisa. Mimi nina miaka arobaini na saba, nina mkono mzima, na nilikaa chini nikalia. Wewe ulikuwa na miaka tisa. Nilimkasirikia mama, dada, nikamkasirikia aliyekufa jikoni kwangu kwa sauti kubwa, mpaka Lorna akatoka bustanini kuja kutazama. Nikamsomea kadi ya mapishi. Akaisikiliza yote, halafu akauliza, “Na mama mkubwa Davina akishasonga, alikuwa anapewa nini?”

Na wewe nimekukasirikia. Miaka sita unaandika “mimi ni mzima” juu ya kila barua. Ungeandika “bega” hata mara moja mama akiwa hai, ningekuja. Au labda nisingekuja, lakini ungekuwa na haki ya kunitukana vizuri.

Nimepika mara sita. Tableti ya wageni wote iko tayari kwenye makopo, inavunjika kama inavyotakiwa. Kadi za harusi tumechapisha upya, zimeandikwa tableti, na Clive ananuna mpaka leo. Ndugu zake wakizimeza na maji ni juu yao.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi kizito. Ni sufuria, umeitaka imerudi. Sijaiosha. Lorna alikuwa ameshashika kijiko, nikamnyang'anya. Nilimwambia hiyo ina mwenyewe.

Mdogo wako,
Mysie


Brechin,
4 Juni 1986

Mdogo wangu Mysie,

Hujambo? Lorna hajambo? Clive naye, haya, hajambo? Mimi si mzima. Bega ni baya, na usiku nalalia upande mmoja. Umetaka niandike, nimeandika.

Kifurushi kimefika. Mtu wa posta alikitua kizingitini akaniuliza kama nimeagiza injini. Nikafungua, nikaona sufuria chafu imezungushiwa magazeti, na ukoko umekauka mpaka juu. Nikasema huyu mtoto hana adabu, nani anatuma sufuria chafu kwa posta kutoka Uingereza mpaka huku Uskoti. Nikafungulia maji ya moto niioshe. Ndipo nikasoma barua yako, nikafunga maji.

Tableti yako ni nzuri. Ulichelewa kidogo kuimimina, ukingoni ina chembe kubwa, mama angekwambia. Lakini ni tableti.

Usidhani yamekwisha. Lile duara la vumbi bado naliona kila nikiinua macho, na najua siku tatu zako bado unazihesabu. Nina maneno ya kukwambia uso kwa uso, na mengine ya kumwambia Clive kuhusu vidonge. Harusini nitakuja, na treni ya Ijumaa, tarehe kumi na tatu. Uje stesheni wewe mwenyewe kunibebea sanduku, usimtume mtu. Mwiko wa mama namletea Lorna. Umelika upande mmoja, nitamwonyesha ni kwa nini, na nitamwambia mbele ya mumewe kwamba wakipika wapokezane.

Bi. Geddes alitaka kunipandishia sufuria juu ya kabati, nikamwambia asubiri kwanza. Nikaketi nayo mezani peke yangu, maana chini ya meza magoti hayaniruhusu. Nikachukua kijiko kwa mkono ule mwingine, ambao haujui kazi. Nilikwangua mpaka nikatosheka, halafu kidogo tena.

Dada yako,
Davina